Mashine ya Sumaku Haimfundishi Mtu Kutembea

Mwaka 2010 madaktari wawili wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha kisa kifupi chenye video katika New England Journal of Medicine. Mwanamume wa miaka 58, aliyeugua kwa miaka 10 Parkinson, maradhi ya ubongo yanayotetemesha na kukwamisha mwili, anajaribu kutembea. Anakokota hatua chache, miguu inagoma, kiwiliwili kinaendelea mbele, na nusura aanguke. Kisha anapewa baiskeli. Anapanda, anakanyaga pedali, anakata kona na kurudi kama mtu asiye na maradhi. Anaposhuka tu, miguu inaganda tena.

Wengi waliitazama video hiyo kama kioja. (Na hapana, sishauri mgonjwa yeyote atupe fimbo akanunue baiskeli.) Mimi naiona kama swali gumu kwa kila anayetangaza kwamba mashine ya kusisimua ubongo ni tiba ya kutembea. Misuli ya yule bwana ilikuwa na nguvu. Amri ya kusukuma mguu ilikuwa inatoka kichwani na kufika, la sivyo asingeendesha baiskeli. Kilichoharibika ni uwezo wa kuanzisha hatua na kuziacha zifuatane zenyewe. Sasa ukiweka sumaku juu ya kichwa chake, unasisimua nini hasa?

Jibu linategemea kutembea kunakaa wapi, na shida inaanzia hapohapo, kwa sababu hakukai mahali pamoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 Thomas Graham Brown alionyesha kwamba uti wa mgongo wa paka, hata ukitengwa na ubongo, unaweza kutoa mdundo wa hatua. Mwaka 1966 watafiti watatu wa Moscow, Shik, Severin na Orlovsky, walipata sehemu ndogo katika shina la ubongo wa paka ambayo ikipitishiwa umeme, mnyama aliyewekwa juu ya mkanda unaozunguka huanza kutembea. Umeme ukiongezwa, anakimbia. Kwa binadamu kuna zaidi ya hapo. Serebela, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, inarekebisha urefu wa hatua na mizani ya mwili. Viini vya ndani kabisa, vile ambavyo Parkinson huvinyima dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli za neva, vinaendesha mambo tuyafanyayo bila kufikiri. Gamba la juu la ubongo lina eneo linalopanga mwendo kabla haujaanza na jingine linalotuma amri kwenye misuli. Na nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya umakini, ambayo mtu mwenye afya haitumii sana anapotembea njia aliyoizoea.

Mwenye Parkinson anaitumia kila hatua. Mwambie atembee huku akihesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kutoa saba kila mara: 93, 86, 79. Utaona hatua zinafupika, mkono mmoja unaacha kubembea, na huenda akifika 72 awe amesimama. Halafu mchoree mistari sakafuni, uone anavyoivuka mmoja baada ya mwingine bila kukwama. Mistari haijaongeza dopamini hata chembe. Imempa tu njia nyingine ya kuamrisha mguu.

Nimeanza mbali makusudi, maana mjadala wa mashine hizi kwa kawaida huanza na mashine zenyewe, na mtu akishaona koili, yaani waya uliozungushwa, inayopiga mlio juu ya kichwa cha mgonjwa, ni rahisi kusahau kuuliza inalenga nini.

Mashine zenyewe ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya sumaku. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliionyesha mwaka 1985: umeme mwingi unapita kwenye koili kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, unazaa sumaku yenye nguvu ya takriban tesla 1.5 hadi 2, na mabadiliko hayo ya sumaku yanazaa umeme mdogo ndani ya ubongo bila kupasua ngozi. Ukiiweka juu ya eneo la mkono, kidole kinaruka. Mapigo yakirudiwa kwa mpangilio, seli za neva za eneo hilo hubaki na wepesi au uzito fulani kwa muda baada ya mashine kuzimwa. Kanuni ya kawaida ni kwamba mapigo 5 au zaidi kwa sekunde huchangamsha, na pigo 1 kwa sekunde hutuliza. Ya pili ni ya umeme mdogo wa moja kwa moja, miliampia 1 hadi 2, unaopita kwenye sponji mbili zilizoloweshwa na kufungwa kichwani, kwa dakika 20 hivi. Nitsche na Paulus wa Göttingen, Ujerumani, ndio walioifufua mwaka 2000. Haipigi seli, inaisogeza karibu au mbali kidogo na kizingiti cha kuwaka.

Hapo fizikia inaleta taabu ambayo wauzaji hawaitaji. Eneo la gamba la ubongo linaloamuru mkono liko pembeni, karibu na fuvu. Eneo la mguu limejificha katikati kabisa, ndani ya ufa unaotenganisha nusu mbili za ubongo. Koili ya kawaida yenye umbo la nane hufika sentimita 2 au 3 tu kwenda chini. Ziko koili zenye umbo la pembe na nyinginezo zilizobuniwa kwenda ndani zaidi, lakini kadiri unavyokwenda ndani ndivyo unavyosambaa: unapata kina, unapoteza shabaha. Shina la ubongo na viini vya ndani havifikiki kabisa kwa njia ya moja kwa moja. Kwa mashine ya sponji hali ni ngumu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na kundi la mtafiti wa ubongo György Buzsáki, uliopima maiti, ulionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya umeme huo huishia kwenye ngozi na fuvu.

Hiyo haimaanishi kwamba hakuna kinachotokea. Ubongo ni mtandao, na ukigusa juu, chini hutikisika. Antonio Strafella na wenzake huko Montreal walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa picha za PET, zinazoonyesha kemikali ndani ya ubongo, kwamba mapigo ya sumaku kwenye gamba la juu hufanya viini vya ndani vimwage dopamini. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo iliyowapa watafiti sababu ya kuendelea. Lakini mwaka 2006 Strafella huyohuyo alichapisha matokeo mengine: wagonjwa wa Parkinson waliowekewa koili ya bandia, isiyotoa chochote ila mlio, nao walimwaga dopamini. Walikuwa wanatarajia kusaidika. Miaka mitano kabla ya hapo kundi la Vancouver lilikuwa limeshaona jambo hilohilo kwa dawa isiyo na kitu ndani yake.

Katika maradhi mengi matarajio ya mgonjwa hubadilisha anavyojisikia. Katika Parkinson hubadilisha kemikali ileile inayokosekana. Ndiyo maana jaribio lolote la mashine hizi lisilo na kundi la bandia, ambalo mgonjwa wala mpimaji hajui nani amepata nini, mimi silisomi zaidi ya ukurasa wa kwanza. Na hata bandia yenyewe ina mitego. Kwa sponji, umeme huwashwa kwa sekunde 30 hivi mgonjwa asikie mwasho, kisha ukazimwa kimyakimya. Kwa sumaku ni vigumu zaidi, kwa sababu pigo la kweli hugonga ngozi na huenda likarusha mguu, na aliyeonja la kweli mara moja hadanganyiki tena kwa urahisi.

Basi majaribio mazuri yanasema nini? Kundi la wataalamu wa Ulaya lililotoa mwongozo mwaka 2014 na kuusahihisha mwaka 2020 liliyapa mapigo ya kasi kwenye maeneo ya amri, pande zote mbili, daraja la pili: huenda yanasaidia dalili za mwendo za Parkinson. Kauli hiyo haikutolewa ovyo. Lakini tazama kilichopimwa. Kipimo kinachotumika sana ni sehemu ya tatu ya UPDRS, orodha ya kupima ukali wa Parkinson, ambapo daktari humkagua mgonjwa na kumpa alama, nyingi zaidi kadiri hali ilivyo mbaya. Katika toleo jipya alama hizo zinafika 132. Kutembea ni alama 4. Kuganda ni 4. Nyingi ya zilizobaki ni vidole kugonganishwa, viganja kufunguliwa na kufungwa, ukakamavu, kutetemeka, uso. Mgonjwa anaweza kushusha alama 5 au 6, matokeo yakaitwa mafanikio, na bado akakwama mlangoni kwake jioni ileile.

Mfano wa Japani unaeleza mengi kuliko takwimu za jumla. Mwaka 2008 watafiti walisisimua eneo linalopanga mwendo kwa mapigo 5 kwa sekunde, yaani ya kuchangamsha, wakaona nafuu. Mwaka 2013 walirudi na wagonjwa 106. Safari hii kundi la pigo 1 kwa sekunde, la kutuliza, ndilo lililopata nafuu, kwa alama 6.84 katika wiki ya 20, na lile la mapigo 10 kwa sekunde lilipata nafuu kidogo kisha ikapotea, sawasawa na lile la bandia. Eneo moja, maradhi mamoja, kuchangamsha kukasaidia, kutuliza kukasaidia, kuchangamsha zaidi kusisaidie. Huenda kuna maelezo. Ila mtu anayekuambia kwamba anajua kwa hakika namna mashine hizi zinavyofanya kazi hana budi kuanza kwa kulieleza hilo.

Kwa kuganda kwenyewe, ambako ndiko kunakowaangusha watu, njia ya sponji ilianza kwa bashasha. Jaribio la mwaka 2018 lenye wagonjwa 20 na kikao kimoja kimoja lilipitisha umeme kwa pamoja kwenye eneo la mguu na kwenye eneo la umakini nyuma ya paji la uso. Wazo lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoyaona, kwa sababu lilitokana na namna mgonjwa anavyotembea, siyo na mahali koili inapofika kwa urahisi. Kuganda kulipungua. Mwaka 2021 likafuata jaribio kubwa zaidi, watu 77, vikao 10 katika wiki mbili na vingine vya kila wiki baadaye. Kwenye kipimo kikuu, kile cha kumpitisha mgonjwa mahali panapomfanya agande, walioupata umeme wa kweli hawakutofautiana na walioupata wa bandia.

Wapo waliolisoma hilo kama kifo cha wazo. Mimi sikulisoma hivyo, na nitasema kwa nini. Lakini kwanza niseme kwamba ndivyo inavyokwenda karibu kila upande wa fani hii: jaribio dogo linang'aa, kubwa linafifisha. Kwenye ataksia, maradhi ya serebela yanayomfanya mtu ayumbe kama mlevi, kundi la Brescia, Italia, limepata nafuu mara kadhaa kwa kusisimua serebela pamoja na uti wa mgongo, likiwemo jaribio la mwaka 2021 lenye watu 61. Waholanzi walijaribu serebela peke yake kwa wagonjwa wa aina moja ya ataksia ya kurithi, na ukali wa ataksia haukutofautiana na wa bandia. Itifaki tofauti, wagonjwa tofauti. Hakuna aliyedanganya.

Na watu wenyewe wanatofautiana. Watafiti wa London waliochapisha mwaka 2013 walipima mtindo mmoja maarufu wa mapigo ya haraka kwa watu wazima wenye afya zaidi ya 50. Wengine walichangamka, wengine walitulia kwa mapigo yaleyale. Kwa wastani hakukuwa na athari. Wastani wa namna hiyo haumsaidii daktari aliye na mgonjwa mmoja mbele yake.

Sasa nirudi kwenye yale majaribio ya kuganda. Mgonjwa anaketi, anafungwa sponji au anawekewa koili, anasisimuliwa, kisha anasimama na kupimwa. Ni kana kwamba tunategemea ubongo uliochangamshwa ukiwa umekaa kitini utajua wenyewe uchangamfu huo uuelekeze kwenye hatua. Msisimuo hauna habari ndani yake. Haujui goti lipande kiasi gani wala uzito uhamie mguu gani. Kinachofanyika, kama kuna kinachofanyika, ni kuyalegeza maunganisho ya neva kwa muda mfupi, nusu saa, saa moja, ili yapokee mafunzo kwa wepesi zaidi. Ukiyalegeza na usifundishe kitu, umemwagilia shamba ambalo halikupandwa.

Mafunzo ndiyo yenye ushahidi. Jaribio la tai chi, mazoezi ya polepole ya Kichina, lililochapishwa mwaka 2012, lenye wagonjwa 195 wa Parkinson huko Oregon, Marekani, waliofanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, liliimarisha mizani na kupunguza kuanguka ukilinganisha na mazoezi ya kunyoosha viungo. Mwaka 2016 jaribio la nchi kadhaa lenye wazee 302, karibu nusu yao wenye Parkinson, liliwatembeza kwenye mashine ya kutembelea huku mbele yao kuna skrini yenye vikwazo vya kuruka na njia za kuchagua. Waliofunzwa hivyo walianguka mara chache kuliko waliotembea kwenye mashine bila skrini, na tofauti hiyo ilionekana miezi sita baadaye. Walifundishwa mguu na umakini kwa wakati mmoja, yale mawili ambayo Parkinson inayagombanisha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mashine ya kusisimua ubongo isilinganishwe tena na kukaa bure. Ilinganishwe na mazoezi. Swali halali ni kama mazoezi pamoja na msisimuo yanazidi mazoezi pamoja na bandia, na kama tofauti hiyo inadumu. Majaribio ya namna hiyo yapo, madogomadogo, na majibu yake yanapingana, lakini angalau yanauliza kinachofaa kuulizwa.

Najua pingamizi. Wapo wasioweza kufanya mazoezi. Aliyechoka kabisa, anayeganda kila hatua tatu, aliyevunjika nyonga mwaka jana na sasa anaogopa kusimama, ukimwambia apande mashine ya kutembelea unamdhihaki. Na tiba nyingine humwacha palepale: levodopa, dawa kuu ya Parkinson, hulegeza mikono mapema kuliko inavyosaidia mizani, na waya zinazopandikizwa ndani ya ubongo, kazi iliyoanzishwa na daktari Benabid huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, hutuliza kutetemeka vizuri kuliko zinavyotibu kuganda kusikosikia dawa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo dirisha la nusu saa lenye wepesi kidogo lingeweza kuwa ndilo linalomruhusu mtaalamu wa viungo amsimamishe. Nalikubali hilo kabisa. Ila hata hapo mashine inafungua mlango wa mazoezi. Haichukui nafasi yake.

Nasisitiza kwa sababu biashara haisubiri. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wenye Parkinson walikuwa zaidi ya milioni 8.5. Mashine za sumaku tayari zimo kliniki, kwa kuwa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliziruhusu kwa sonona mwaka 2008. Kwa kutembea kwa wagonjwa wa Parkinson haijaziruhusu. Lakini koili ni ileile, na kuisogeza sentimita chache kutoka eneo la sonona hadi eneo la mguu hakuhitaji kibali cha mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Vifaa vya sponji ndiyo kabisa, vinauzwa mtandaoni kwa yeyote. Mfa maji haachi kutapatapa, na aliyeanguka mara tatu mwezi huu hatauliza idadi ya watu kwenye jaribio.

Madhara si makubwa, tuseme ukweli. Sumaku inaweza kuleta kifafa, ila ni nadra sana. Haifai kwa aliye na chuma kichwani au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, na aliyewekewa waya za ubongo asiiguse bila wataalamu wa waya hizo kuwapo. Sponji ikikauka huunguza ngozi. Kinachonitisha zaidi ni mambo yanayozunguka mashine: mgonjwa anayepunguza dozi kwa sababu kliniki imemwambia atapona, au familia inayoacha kumlipa mtaalamu wa viungo ili ipate pesa za vikao 20 vya koili.

Kuhusu vipimo, kuna jambo ambalo wauguzaji wote wanalijua. Mgonjwa anaganda nyumbani, mlango wa maliwato, simu inaita, mjukuu anakatiza mbele yake. Akifika kwa daktari, kwenye korido pana yenye taa, watu wakimtazama, anatembea vizuri kiasi kwamba familia inaonekana imesema uongo. Umakini umepanda, na umakini ndio unaombeba. Jaribio linalopima kuganda kliniki tu linapima siku yake njema.

Jaribio ninalolitaka lingekuwa na watu mia kadhaa wanaoganda, wote wakipewa mazoezi ya hatua na umakini, nusu wakisisimuliwa kweli wakiwa wanatembea, nusu kwa bandia. Vipokezi vidogo vya kufunga kiunoni na kwenye kifundo cha mguu vingehesabu kuganda nyumbani kwa miezi sita, na kila kuanguka kungeandikwa siku hiyohiyo. Mwisho kila mgonjwa angeulizwa anadhani alipata ipi, na jibu lake lingechapishwa pamoja na matokeo. Sioni mtengenezaji wa mashine atakayekimbilia kulilipia, maana jibu linaweza kuwa kwamba mkanda unaozunguka, mistari ya sakafuni na mtaalamu wa viungo mwenye subira vinatosha. Fedha za umma na za vyama vya wagonjwa ndizo zenye sababu ya kulijua jibu hilo, liwe lipi.